Udongo Mweusi Chini ya Lori

Wiki iliyopita mjukuu wangu alibadilisha oili ya gari lake hapa nyumbani. Nilikuwa nimekaa kibarazani na rozari mkononi, niko fungu la tatu, harufu ikanijia: oili iliyotumika, nzito, yenye moshi ndani yake. Nikapotea kabisa katika sala. Mungu anisamehe, sikurudi nilikoishia. Nilikaa tu nikiinusa, na mama yangu akanijia kama alivyokuwa wakati ule, kabla mgongo wake haujainama.

Ninyi wenzangu mliokulia Mbulu wakati wa Mwingereza mnakumbuka magari yalivyokuwa machache. Ungeweza kulitambua kila moja kwa mlio wake likiwa bado upande wa pili wa bonde. Baba yangu aliendesha lori la Mzee Salumu, mfanyabiashara wa Dongobesh, mtu mpole aliyeshika sala zake na kumwachia baba Jumapili yake bila kuombwa. Lori lilibeba maharage, ngano na ngozi likienda, na chumvi, sabuni na majembe likirudi. Kuliwasha asubuhi kulihitaji hendeli, mikono miwili, na maneno ambayo baba alikwenda kuyaungama kila padri alipokuja. Taniboi wake, msaidizi wake lorini, aliitwa Bura, mtu mzima kuliko baba, mwenye mvi tayari. Alikataa kujifunza kuendesha kwa sababu, alisema, anayelaumiwa siku zote ni mwenye usukani.

Masika moja mvua ilikataa kukatika. Gogo likalazwa barabarani juu ya mteremko, na msimamizi wa barabara akakaa kando yake ndani ya koti lake la mvua: magari mazito yasipite mpaka udongo ukauke. Baba alikuwa anatoka Dongobesh kwenda Mbulu na shehena ya maharage. Alipovuka mto alisikia jiwe likigonga chini ya lori. Akasimama, akainama kutazama, akaona tope tu, akaendelea. Gogo lilimkuta karibu na kwetu Tlawi, basi akalileta lori nyumbani na kuliegesha uani, kati ya tembe yetu na zizi. Bura akapata pa kulala karibu na moto wa bibi, mama yake baba, na sisi sote tukaanza kungoja jua.

Hapa lazima nieleze nyumba yetu ilivyokuwa, maana bila hilo mtaniona mtoto mjinga tu. Mwaka uliotangulia mama alijifungua mtoto wa kiume, naye akafa kabla hajapewa jina. Mnajua desturi yetu ilivyokuwa. Nyumba iliyofikwa na jambo kama hilo ilitengwa. Hakuna aliyekuja kuomba moto kwetu, hakuna aliyekunywa maji yetu, ng'ombe wetu walipitishwa njia yao peke yao. Binti wa Mama Safari, jirani yetu, niliyezoea kucheza naye kila siku, alisimama ng'ambo ya mfereji akanitazama, mimi nikamtazama, tukaishia hapo. Baba alikuwa amebatizwa na mama alikuwa akijifunza ubatizo, na mwalimu wa dini alisema wazi kwamba Mkristo hamtengi mwenzake. Lakini hata waliomsikia walizunguka uwanja wetu wakienda nyumbani. Siwahukumu. Waliogopa kwa ajili ya watoto wao, kama wazazi wote wanavyoogopa.

Muda ulipotimia wazee walisema yamekwisha, na watu wakaanza kurudi kwetu mmoja mmoja. Mama yangu ndiye ambaye hakurudi kwa watu. Moto ukizimika alinituma mimi. Akitaka chungu cha kuazima alinituma mimi. Kanisani alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, na baraka ikitolewa alikuwa wa kwanza kutoka. Kufika mlangoni kwa jirani hakufika tena, hata kwa Mama Safari ambaye zamani walisuka mikeka pamoja na kucheka mpaka bibi akawafukuza.

Sasa lori lilipokaa uani, watoto wa jirani wote walikuja kuligusa. Mama zao wakaja kuwatafuta watoto. Wakasimama, wakamsalimu mama, mama akajibu. Mimi niliona kwamba lori lile ni zawadi. Nilimshukuru Mungu kwa ajili yake katika sala za jioni, kwa sauti, na Bura akasema "Amina" kabla sijamaliza.

Asubuhi ya pili nilikuwa nazoa samadi, kazi yangu ya kila siku, nikaona doa jeusi chini ya lori. Nikaingia chini kwa magoti. Doa lilikuwa zito, linang'aa, na juu yake palikuwa na tone jingine linaning'inia, linarefuka, linaanguka. Nikaligusa. Lilikuwa linateleza kati ya vidole, na lilikuwa na ile harufu.

Niliwahi kuona damu ya ng'ombe aliyechinjwa, jinsi inavyokuwa nyeusi ikikaa. Nilijua pia, maana bibi alinifundisha mwenyewe, kwamba mgeni akijeruhiwa na damu yake ikadondoka uani kwako, nyumba yako inatengwa, hata kama kosa si lako. Na lori lilikuwa mgeni. Lilikuwa la Mzee Salumu wa Dongobesh. Lilikuwa limegongwa na jiwe mtoni, nilimsikia baba akisimulia, na sasa lilikuwa linatokwa damu yake kwetu, hatua kumi tu kutoka mlango wa mama.

Sikumwambia mtu. Nilikwangua udongo mweusi kwa kipande cha kibuyu, nikauficha ndani ya kapu la samadi, nikaenda kuumwaga kwenye shimo nyuma ya zizi. Kisha nikaleta majivu ya jikoni, nikayatandaza, nikafunika na udongo mkavu. Kila asubuhi nilifanya hivyo, kabla watoto hawajaja. Nilikuwa katika umri wa meno ya mbele kung'oka, na nilijiona nimebeba nyumba nzima kichwani.

Baba naye alikuwa na desturi yake. Kila siku, hata kama lori haliendi popote, alilipiga hendeli kidogo ili lisisahau kuwaka, na kabla ya kuliwasha alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Siku ya tatu alikitazama kijiti kwa muda mrefu.

"Bura," alisema, "ile oili niliyoongeza jana umeinywa?"

"Nimekunywa uji wa mama yako tu," alisema Bura. "Nao haukutosha."

Walitazama chini ya lori. Ardhi ilikuwa safi. Baba alilala chali akapapasa kwa mkono, lakini tumbo la lori lile lilikuwa na mafuta na tope la miaka yote, kila mahali paliloa, na pa kuanzia hapakujulikana. Palipaswa kuwa na matone ardhini, na hapakuwa na hata moja.

"Kama linavuja," alisema Bura, "basi linavujia mbinguni."

"Halivuji. Linakula."

Sikuelewa neno hilo siku ile, ila niliona Bura ameacha utani. Baadaye nilielezwa. Injini iliyochakaa ndani huichoma oili yake yenyewe pamoja na petroli, na inayofanya hivyo imekwisha. Inaweza kukufikisha, inaweza kukuacha njiani ikiwa imekwama moja kwa moja. Bura alisema basi tungeona moshi wa rangi. Baba alisema katika ukungu huu moshi wote ni wa rangi moja. Siku ya tano akamimina kilichobaki katika kopo la mwisho. Siku ya sita kijiti kikatoka kikiwa kimeloa ncha tu.

Jua lilikuwa limeanza kutoka. Gogo lingeondolewa kesho yake au keshokutwa. Baba aliketi kwenye kibao cha kupandia lorini, akaweka karatasi juu ya goti, akalamba penseli. Alikuwa anamwandikia Mzee Salumu. Mama alikuwa anapepeta mtama mlangoni, mimi nikiwa karibu naye.

"Unamwambiaje?" aliuliza mama.

"Ukweli. Injini imekufa mikononi mwangu. Atume mtu achukue maharage, na lori livutwe mpaka Arusha likipata wa kulivuta."

"Atakupa jingine."

"Hana jingine. Nitarudi kwenye jembe." Alisema hivyo kwa upole, lakini alikuwa ameshika penseli kama mtu anayeogopa itavunjika. "Miaka yote sijamharibia hata taa. Atafikiri sikulitazama. Na mimi mwenyewe nafikiri hivyo. Kuna kitu sikukitazama."

Mama aliendelea kupepeta. Nilimwona akiuma mdomo.

Wasomaji wangu, nimefundisha watoto katekisimu kwa miaka mingi, na kila tulipofika kwenye maungamo niliikumbuka asubuhi ile. Nikisema, mama atatengwa tena. Nisiposema, baba atakuwa ameharibu lori la watu, na hakuliharibu. Nilijaribu kufikiri kama kuna njia ya tatu. Niliona tu uso wa baba ukiinamia karatasi. Nikaenda mbele yake.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba. Umeshanisalimu leo, mama."

"Lori limemwaga damu uani kwetu. Kila siku. Mimi nimeifukia."

Hakucheka. Kwa hilo nitamshukuru mpaka nitakapokutana naye. Aliweka penseli chini na kuuliza, kama anavyoulizwa mtu mzima, "Umeifukia wapi?"

Nikampeleka nyuma ya zizi, Bura akifuata. Baba alichota udongo wa shimo, akaunusa, akausugua kiganjani. 

"Ni oili," alisema. "Bura, nusa. Ni oili. Linavuja. Linavuja tu."

Bura alinusa, akachuchumaa kupima lile rundo kwa macho. "Mbona ndogo? Hii haifiki nusu ya tulichomimina."

"Nusu nyingine iko nyuma ya kihenge," alisema bibi.

Tuligeuka wote. Bibi alikuwa amesimama na fimbo yake, amejifunga shuka vizuri, uso mkavu kama mtu aliyetaja bei ya mbuzi.

"Mama," alisema baba. "Hata wewe?"

"Huyu anafukia asubuhi. Mimi nafukia jioni, na pale tone linapotokea chini ya lori napafuta kwa majani. Nilimwona siku ya kwanza. Sikumwambia, maana anafanya vizuri."

"Umri huo wote, mama, unafikiri lori lina damu?"

"Mimi si mtoto. Najua mafuta." Bibi alishusha sauti, lakini si sana, kwa kuwa masikio yake yalikuwa mazito na alipima sauti za watu wote kwa masikio hayo. "Jirani akiona weusi umemwagika kwenye uwanja huu, unafikiri atasimama kuuliza ni wa nini? Atazunguka. Atazunguka kama walivyozunguka. Na yule mkeo pale mlangoni hataweza mara ya pili."

Mama alikuwa ametoka mlangoni. Ungo ulikuwa bado mikononi mwake na mtama ulikuwa unamwagika upande mmoja bila yeye kuona, kuku wakikimbilia. Alimtazama bibi, kisha akanitazama mimi, mikono yangu yenye weusi ndani ya kucha. Bibi na mama hawakuwa watu wa kuambiana maneno matamu. Walikuwa wameishi jiko moja kwa miaka yote wakigombania chumvi. Mama aliweka ungo chini.

Baba alikuwa ameshaingia chini ya lori. Kwa kuwa sasa alijua anachotafuta, alikipata upesi: ile nati kubwa ya chini kabisa, inayofunguliwa kumwaga oili chafu. Jiwe la mtoni liliisukuma upande. Alikinga sufuria, akaifungua kwa spana, na oili kidogo iliyobaki ikashuka. Washa yake, yaani ile pete ya shaba inayokaa kati ya nati na chuma, ilikuwa imepasuka.

"Hii ndiyo imetutoa roho," alisema akiwa chini, na mkono wake ukatokea ukiwa umeshika kile kipande chembamba kuliko pete ya arusi. "Nati yenyewe nzima. Nataka ngozi. Kavu, nene, ya kisogo cha dume. Tutakata pete ya ngozi ituvushe mpaka Mbulu na kurudi Dongobesh."

"Ngozi ziko lorini," alisema Bura.

"Lorini kuna maharage, Bura."

"Ndiyo. Safari hii maharage."

"Baba Safari anashona viatu vya ngozi," alisema baba. "Hakosi kipande. Marselina, mwanangu, kimbia kwa Mama Safari, mwambie..."

"Nakwenda mimi," alisema mama.

Baba alichungulia kutoka chini ya lori. Mama alinawa mikono kwenye kibuyu cha maji, akajifunga khanga yake upya, akaitazama njia ya kwa Mama Safari. Ilikuwa ikishuka hadi mfereji, ikavuka, ikapanda. Mtoto angeimaliza kwa pumzi moja.

"Ngozi ya kiatu," alimwambia baba, kama anayetaka kuhakikisha.

"Ya kiatu. Kubwa kama kiganja inatosha."

Akaenda.

Niwaambie kwanza habari ya lori, nisije nikawaacha na wasiwasi. Kile kipande kilipofika baba alikiloweka katika samli ya moto mpaka kikalainika, akakata pete kwa wembe, mara mbili, maana ya kwanza ilikuwa kubwa. Aliikalisha pale, akarudisha nati kwa vidole, kisha kwa spana, polepole, akisimama kila robo ya mzunguko. Alisema anayekaza kwa hasira huharibu meno ya nati, na hapo ngozi yote ya Mbulu haitakusaidia. Oili ya sufuriani aliichuja kwa kitambaa safi na kuirudisha. Haikutosha, basi Bura akatembea mpaka kwenye gogo, akakaa na madereva wengine waliokwama, na akarudi na makopo mawili aliyopewa kwa kusimulia habari yetu, akiwa ameiongezea chumvi. Asubuhi nilitambaa chini ya lori, nikapapasa. Palikuwa pakavu. Lori likafika Mbulu, likarudi Dongobesh, na Mzee Salumu akanitumia sukari guru iliyofungwa kwenye gazeti. Baba aliliendesha mpaka lilipochoka lenyewe, kwa uzee.

Lakini namshukuru Mungu zaidi kwa ile saa ya kungoja. Kwenda kuomba kipande cha ngozi na kurudi si kazi ya muda mrefu. Tulimwona mama akivuka mfereji. Tulimwona akipanda, akasimama mbele ya nyumba ya Mama Safari, mbali kidogo na mlango, mikono imefumbatwa. Mtu akatoka. Wakasimama wawili, kwa muda, bila kusogea. Kisha tukaona wote wawili wameingia ndani.

Baba alikuwa amelala chali chini ya lori, tundu liko wazi juu yake, nati kifuani, tone moja moja likimdondokea kwenye mkono wa shati. Jua lilipanda. Bura alisema gogo huenda likaondolewa kesho adhuhuri. Baba akasema sawa. Bibi akaleta uji, baba akaunywa akiwa ameegemea kiwiko. Jua likapita juu ya tembe. Bado mama hakutokea.

"Niende nikamwite?" niliuliza. "Labda amesahau ngozi."

Kabla baba hajajibu, sauti ilivuka bonde kutoka kwa Mama Safari. Walikuwa wanacheka, wanawake wawili, na mmoja nilimjua. Nilikuwa nimesahau kwamba mama alicheka kwa sauti nene hivyo, kama mwanamume.

Baba alivua kofia yake, akaiweka usoni, akanyoosha miguu.

"Mwache," alisema chini ya kofia. "Maharage hayaozi."